Neno Moja Ambalo Germaine Hakuliandika

Feruzi alikuwa fundi wa mbabula, majiko ya bati. Akina mama wa Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, waliopika kwa makaa, wengi wao walipika juu ya bati lililopita mikononi mwake. Alinunua mapipa yaliyokwisha kazi, akayakata, akayakunja, akayatoboa matundu chini, akayatia miguu mitatu. Mbabula ya Feruzi haikuyumba hata ukisongea bukari, ugali wa watu ishirini. Mwenyewe hakujua kusoma, na maneno yake yalikuwa machache. Ukimsalimia anajibu. Ukimuuliza bei anaitaja. Basi.

Maneno yalikuwa ya mkewe.

Germaine alikuwa binti wa mtu wa reli, kabila la kaskazini, Mkatoliki, aliyesomeshwa na masista mpaka mwaka wa nne. Feruzi alikuwa Mwislamu, mtoto wa watu wa Maniema. Walipooana, ndugu wa pande zote mbili walitikisa vichwa. Walitikisa mpaka wakachoka. Majina ya Kizungu yalipokatazwa, kwenye karatasi za serikali Germaine akawa Numbi, jina la bibi yake mzaa baba. Uani kwake akabaki Germaine.

Karibu na kanisa kulikuwa na foyer, nyumba ya akina mama, mahali pa kushona na kujifunza kusoma. Humo mlikuwa na mashine ya stensili. Kila mwezi akina mama walitoa kijigazeti cha Kiswahili, karatasi sita zilizobanwa kwa pini. Karatasi ya mwisho ilikuwa yake, na tangu alipopata jina jipya, juu iliandikwa: Mama Numbi anauliza.

Na aliuliza kweli. Aliuliza kwa nini msichana atolewe shuleni ili kaka yake aendelee, na kaka mwenyewe amerudia darasa lile lile mara tatu. Aliuliza mume anayempiga mkewe amemshinda nani. Aliuliza: "Asubuhi tunaimba na kucheza mbele ya wakubwa, mnatuita mama wa taifa. Jioni mnatuuliza mboga iko wapi. Mama wa taifa huyo amelala saa ngapi?"

Hakuna aliyejua maneno yale yalivyopatikana, ila wao wawili.

Ilikuwa hivi. Asubuhi, chai ikishanywewa, Feruzi alikaa chini uani, bati katikati ya magoti. Germaine alikaa kwenye kigoda na daftari lake. Yeye anasoma, mumewe anagonga. Hakuna anayemtazama mwenzake. Sentensi inapita, nyundo inaendelea. Inapita nyingine, nyundo inaendelea. Halafu inafika moja, nyundo inasimama. Hapo Germaine anatia alama kwa penseli. Zile ambazo hazikuisimamisha nyundo, anazikata.

"Leo unanikatia mingi," Germaine alilalamika siku moja. "Gonga polepole basi."

"Minagonga sawa. Maneno njo iko mingi."

"Mwanaume weye! Hujui ata *a*, na uko mukali kushinda masista."

Feruzi akacheka chini chini, akageuza bati.

Siku moja nyundo haikuishia kusimama. Feruzi aliiweka chini.

Mtaani palikuwa na mama mmoja, Régine. Mumewe alikufa, na siku ya tatu baada ya maziko ndugu wa mume walifika na kigari. Wakapakia kitanda, viti, baiskeli, cherehani. Jikoni sufuria ilikuwa motoni. Mdogo wa marehemu aliinua ile sufuria, akamwaga maharage chini, akaitupa kwenye kigari pamoja na vingine. Jina lake Casimir. Alikuwa mfanyabiashara wa Mokambo, mtu wa kuvuka mpaka na kurudi na chumvi na vitenge, na kila mtu alimjua.

Germaine hakutaja jina la mtu. Aliandika tu: "Sufuria ikichukuliwa na maharage bado ya moto, nani alikuwa na njaa: marehemu au ndugu zake?"

Kijigazeti kilipotoka, Kamalondo nzima ikajua ni nani. Watoto walimfuata Casimir njiani wakiuliza kama maharage yameiva. Tangu siku hiyo hakumwacha Germaine. Sokoni alisema mwanamke yule hana akili nzuri. Baa alisema hana mtoto ndiyo maana anatoa nje aibu za nyumba za watu. Maneno yakafika mpaka kwa Feruzi, maana mteja akisubiri mbabula hana kazi nyingine ila kusema.

Feruzi alitaka kwenda kumwona. Germaine akamzuia.

"Acha. Anasema juu yangu, hasemi juu ya sufuria. Kama ningeandika uongo, angesema juu ya sufuria."

Feruzi akaacha. Lakini lile neno akaliweka.

Mwaka sabini na tano, mwezi wa sita, baridi ya kipupwe ilimshika Germaine kifuani. Wiki mbili tu. Wakamzika.

Baada ya hapo Feruzi alijaribu kazi. Aligonga, akasikia nyundo inagonga peke yake. Akaiweka ndani ya gunia.

Siku ya kuondoa matanga ilifika. Ua ukajaa. Sufuria kubwa nne zilichemka kwenye mbabula nne, zote za mikono yake. Kaka mkubwa wa Germaine, Alphonse, alikuwa amekuja kwa treni kutoka kwao. Alikuwa mtu wa haki, lakini mwoga wa kuchekwa. Siku hiyo yeye ndiye mwenye neno, maana vitu vya mke aliyekufa hurudi kwa ndugu zake. Waligawa vitambaa. Waligawa sahani. Feruzi alikaa kwenye mkeka akitazama tu. Ndiyo desturi.

Likabaki sanduku la bati. Alilitengeneza mwenyewe, na kufuli lake, mwaka Germaine alipoanza kuandika. Ndani mlikuwa na miaka saba ya karatasi na madaftari.

Edith, kiongozi wa akina mama wa foyer, akapiga magoti mbele ya Alphonse.

"Baba Alphonse, siye hatutake kitambaa, hatutake sahani. Utupe yale makaratasi. Tutayapiga kwa stensili, tutayashona kitabu. Bamama benye kujifunza kusoma basome maneno ya mwenzao."

Alphonse alimwashiria ainuke. Alikuwa amesikia ya sokoni na ya baa.

"Mama Edith, kama iko na heshima, utachukua. Kama iko na aibu ya dada yangu, nitaitia moto leo, tusisikie tena. Acha nisikilize bantu kwanza. Jua halitashuka bila mimi kujibu."

Feruzi akalitazama sanduku. Hakutaka kitanda, hakutaka viti. Alitaka kitu kimoja duniani: maneno yale yasomwe tena na mtu, kwa sauti. Na hakuwa na neno katika shauri hilo.

Watani wakaanza kazi yao. Kwa desturi, mtani anamcheka marehemu mbele ya wafiwa, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Mtani wa Germaine alikuwa mzee Zéphirin, mchoma matofali wa huko Annexe, pembezoni mwa mji, mtu mfupi mwenye sauti ya tarumbeta. Alikuja amejifunga kilemba cha marehemu, amevaa miwani ya Germaine, kalamu nyuma ya sikio. Akakaa kwenye kile kigoda.

"Kimya! Munafanya makelele, mama iko anaandika!" Akamgeukia Feruzi. "Weye, bwana! Chai yangu iko wapi? Mama Numbi anauliza!"

Ua ukapasuka kwa kicheko.

"Munalia nini? Alikwenda sababu karatasi yake ilikwisha! Kule mbinguni Petro amesimama mulangoni, anatetemeka: mama, pardon, ingia tu, usiniandike!"

Mabega ya Feruzi yakatikisika. Tangu maziko hakuwa amecheka.

Hapo akasimama Casimir. Alikuwa amevaa abacost mpya, suti isiyo na tai, vifungo vinang'aa.

"Na miye niko mutani wake," akasema. "Mama ya baba yangu alitoka kule kwao Zéphirin. Mutanipatia nafasi."

Watu wakasogea. Nani angemuuliza mtu bibi yake mzaa baba alitoka wapi, siku ya matanga? Zéphirin alimtazama kwa miwani isiyo yake, akampisha.

Casimir alianza kwa mzaha mwepesi, na watu wakacheka. Kisha akauacha mzaha kama mtu anayevua viatu.

"Citoyens na citoyennes, bananchi, tuseme kweli. Huyu alikuwa mama ya nani? Tumbo haikuzaa ata mutoto mumoja, na alifundisha benye kuzaa! Banaume alibachukia juu ya nini? Juu hakuna mwingine alimutaka, ila huyu muzee ya bati! Na huyu naye alimugeuza boyi. Anapika, anafua, na bibi iko anashika kalamu. Alimufunga, asipate ata bibi ya pili ya kumuzalia. Muislamu muzima, bibi mumoja, mutoto hapana!"

Kicheko kilikuwa kimepungua. Akina mama walitazama chini.

"Na yale maneno ya kijigazeti, munafikiri ni yake? Masista njo balimuandikia. Yeye alitia jina tu."

Edith akainuka. Mzee mmoja akamshika kitambaa akamrudisha chini.

"Ni mutani, mama. Mutani habamujibu."

"Huyu anatukana!"

"Mutani habamujibu."

Edith akakaa. Régine naye alikuwepo, karibu na jiko. Alijifunika uso kwa kitenge. Alphonse akaweka mkono juu ya sanduku, na watu wakauona mkono ule unavyotafuta kufuli.

"Mama Edith," akasema polepole, "umesikia. Kila fasi kitabu hiki kitafika, haya maneno nayo itafika. Ni heri…" Akatazama mbabula zenye moto.

Feruzi akasimama.

Watu walishangaa. Mzee huyu, hata kwenye harusi yake walimsemea.

"Casimir," akasema. "Uko mutani?"

"Niko mutani, muzee. Usikasirike. Mutani habamukasirikie."

"Sikukasirika. Minauliza. Kaburi, ulichimba?"

Casimir akacheka kidogo. "Siku ile nilikuwa Mokambo."

"Sanduku ya maiti, ulibeba?"

"Si nimesema? Nilikuwa Mokambo."

"Zéphirin. Onyesha mikono."

Zéphirin akavua miwani kwanza. Kisha akainua viganja vyote viwili, akavigeuza ili kila upande wa ua uone. Malengelenge yalikuwa yamepona, yakaacha makovu ya rangi ya udongo. Kila mtu aliyezaliwa Lubumbashi anajua ardhi ya mwezi wa sita ilivyo. Chepe inaruka juu kama umepiga reli.

"Huyu alichimba," Feruzi akasema. "Miaka yake sitini na mbili. Alichimba toka asubuhi mpaka saa nane. Huyu atamucheka bibi yangu leo, kesho, mwaka ujao, na miye nitacheka naye. Mutani anachimba, ndipo anacheka. Weye hukushika chepe. Basi hukuwa unacheka. Ulikuwa unasema. Na mwenye kusema, banamujibu."

"Kweli!" sauti ya mama mmoja ikatoka nyuma. Yule mzee aliyemshika Edith akatikisa kichwa kukubali. Ndivyo ilivyo, wote walijua. Walikuwa wamesahau kuuliza.

Neno lililofuata lilikuwa limekaa ndani ya Feruzi miaka ishirini na sita, na mwenye kulitunza hakuwepo tena kumpa ruhusa. Akamtazama Alphonse.

"Shemeji, ya tumbo. Mwaka ya arobaini na tisa tulikwenda kwa daktari. Alitupima siye wawili. Germaine alikuwa muzima."

Akajigonga kifua kwa ngumi, mara moja.

"Ni miye."

Bukari ilianza kuungua, na hakuna aliyekwenda kuigeuza.

Alphonse aliondoa mkono juu ya sanduku. "Shemeji… tulikuja kwa mama yako. Miye na baba. Tulileta mbuzi, tuombe radhi juu ya dada yetu."

"Minakumbuka."

"Mbuzi mukubwa!"

"Nilimula," Feruzi akasema. "Unisamehe."

Mtu mmoja akacheka, akaziba mdomo. Feruzi akaendelea, sauti yake ile ile, kama anayetaja bei.

"Mama yangu Kulthumu alimutukana Germaine mpaka siku ya kufa kwake. Germaine alimupikia uji, akamulisha kwa kijiko, akanyamaza. Mama aliniletea babinti wawili niwaoe. Ni miye nilikataa. Ningemudanganya mutoto wa bantu juu ya nini? Tulipotoka kwa daktari, Germaine aliniambia njiani: hii ni yetu. Hakusema tena. Sasa munasikia huyu. Anasema bibi yangu alikuwa anatoa aibu ya nyumba za bantu nje. Miaka saba aliandika. Mabaya ya huu mutaa yote aliandika. Neno moja hakuandika. Aibu yangu aliiweka ndani, yeye akavaa jina langu mubaya kama kitenge, akaenda nayo soko."

Akina mama walikuwa wanalia, si kilio cha matanga.

"Ya jiko. Ndiyo, nilipika. Bukari yangu ni nzuri. Uliza Zéphirin."

"Iko na chumvi nyingi!" Zéphirin akapaza sauti, machozi usoni.

"Ya masista. Masista hawakuwa pale asubuhi. Miye nilikuwa pale, na nyundo. Sijue kusoma. Lakini sikiliza."

Akafumba macho. Akayasema. La msichana na kaka yake. La mume aliyeshinda nani. La mama wa taifa na mboga. Aliyasema moja baada ya jingine, yale yote yaliyosimamisha nyundo, bila kukosa neno, na mkono wake wa kulia ulikuwa unapanda na kushuka kidogo, peke yake. Edith alikuwa amefungua nakala za zamani za kijigazeti, alizokuja nazo, magotini, anafuata kwa kidole, midomo inatembea. Hakumsahihisha hata mahali pamoja.

La mwisho akalisema macho wazi.

"Sufuria ikichukuliwa na maharage bado ya moto, nani alikuwa na njaa: marehemu au ndugu zake?"

Akamgeukia Casimir.

"Umesema tumbo. Umesema jiko. Umesema bwana yake. Ya sufuria hujasema."

Casimir alitazama mlango wa ua. Alitazama watu. Alipapasa vifungo vya abacost yake kimoja kimoja.

Feruzi akarudi kukaa kwenye mkeka. Kichwa chake kilikuwa juu. Alikuwa amempoteza mwanamke ambaye ua mzima ulikuwa bado unasikiliza maneno yake.

Alphonse akainua sanduku kwa mikono yote miwili. Hakumpa Edith. Alivuka ua nalo, akaliweka mbele ya shemeji yake.

"Miye sina dada wa kuonea haya," akasema. "Weye njo umupatie Edith. Kwa mukono yako."

Feruzi akatoa ufunguo shingoni, akampa Edith. Vigelegele vikapanda mpaka watu wa barabarani wakasimama kuuliza ni harusi ya nani.

Casimir alikuwa ameanza kusogea kuelekea mlangoni. Zéphirin akamwahi. Alikuwa amevaa tena ile miwani.

"Mutani! Unaenda wapi, mutani? Kazi ya watani haijaisha." Akanyoosha kidole kwenye zile sufuria nne, nyeusi kwa masizi, bukari imegandia chini. "Nani anaosha sufuria za matanga? Mama Numbi anauliza!"

Watu wakageuka. Casimir aliwaza, na wote walimwona anavyowaza. Akikataa, si mtani. Na kama si mtani, basi alisimama mbele ya watu akamtukana maiti, na hilo Kamalondo isingelisahau mpaka wajukuu wake. Akavua saa. Akakunja mikono ya abacost. Akapiga magoti kwenye maji na majivu.

Alisugua muda mrefu. Hakuna aliyeondoka.

Alipomaliza ya kwanza, Régine alikuja akaipokea. Aliigeuza juani, akaitazama ndani, akaitazama chini, bila haraka. Kisha akamrudishia.

"Bwana shemeji," akasema kwa adabu, "hii iko na masizi bado."

Keshokutwa yake asubuhi Edith alifika uani na sanduku. Alitaka kuuliza karatasi ipi iwe ya kwanza kitabuni. Feruzi hakujibu. Alikwenda kwenye gunia, akatoa nyundo, akakaa chini, bati katikati ya magoti.

"Soma," akasema.

Edith akakaa kwenye kigoda. Akaanza. Nyundo ikagonga, ikagonga, ikaendelea kugonga. Mara ikasimama.

Edith akapekua mfuko wake, akitafuta penseli.